Star Trek: Prodigy kwa familia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Star Trek: Prodigy ni katuni ya safari za angani yenye misimu miwili, sehemu 20 kila msimu, na mashujaa wake karibu wote ni watoto na vijana. Hapa nimekusanya maswali ninayoulizwa na wazazi, walimu na vijana wanaotaka kuianza, na pia wale walioianza wakaishia njiani. Siri kubwa za hadithi sizitoi.

Inahusu nini?

Mwaka ni 2383. Mbali mno na Dunia, kwenye jiwe kubwa linaloelea angani liitwalo Tars Lamora, kuna gereza la machimbo. Wafungwa wametoka sayari mbalimbali, wengi wao watoto, na hakuna anayekuja kuwatafuta. Mmoja wao ni Dal, kijana wa miaka 17 mwenye domo kubwa na tabia ya kutoroka. Siku moja, akiwa chini kabisa ya machimbo, anakuta chombo cha angani kilichofukiwa, USS Protostar. Anakiondoa pale pamoja na wenzake wachache, na kati yao hakuna hata mmoja aliyewahi kuendesha kitu cha namna ile.

Ndani ya chombo kuna hologramu, yaani mtu wa mwanga aliyetengenezwa na kompyuta, mwenye sura na sauti ya Kathryn Janeway, nahodha mashuhuri wa Starfleet, kikosi cha vyombo vya angani cha Shirikisho la Sayari, yaani muungano wa sayari nyingi. Anadhani hawa ni wanafunzi wa chuo cha maofisa. Wao wanamwachia aamini hivyo, kisha wanalazimika kujifunza haraka ili uongo usijulikane. Nyuma yao anakuja Diviner, mwenye gereza, ambaye shida yake hasa ni kile chombo. Na binti yake, Gwyn, yumo ndani ya chombo hichohicho, kwanza akiwa mateka.

Sijawahi kutazama Star Trek hata moja. Nitapotea?

Hupotei. Star Trek ilianza mwaka 1966 na ina mamia ya sehemu, kwa hiyo hofu yako naielewa, lakini Kevin na Dan Hageman, ndugu wawili walioibuni katuni hii, waliiandika kwa ajili ya mtu kama wewe. Dal na wenzake hawajui Starfleet ni nini. Hawajui Shirikisho la Sayari ni nini. Wanaelezwa, na wewe unaelezwa hapohapo pamoja nao. Mtu aliyezoea Star Trek tangu zamani atatabasamu mahali fulani ambapo wewe utapita tu, basi.

Ombi langu ni moja: usianzie katikati. Anza na sehemu ya kwanza na ya pili, ambazo ni hadithi moja iliyogawanywa, na uzitazame kwa mkupuo mmoja.

Ni ya watoto wa umri gani?

Kwa maoni yangu, kuanzia miaka saba, na mtu mzima awe karibu. Hakuna matusi wala mambo ya aibu ya kutazama na wakwe. Kuna woga, tena woga wa kweli. Drednok, roboti mtumishi wa Diviner, ana miguu mingi na sauti ya chini inayoweza kumkosesha mtoto mdogo usingizi. Gereza la mwanzoni ni la kikatili. Yupo mhusika ambaye umbo lake halisi likionekana, aliyeliona anarukwa na akili, na jambo hilo linatokea mbele ya mtazamaji. Watu wanakufa, ingawa damu huioni.

Mtoto wa miaka mitano nisingemkalisha mbele ya msimu wa kwanza. Kijana wa miaka 14 asikudanganye kwamba hii ni katuni ya wadogo zake; mpe sehemu tano ndipo umuulize tena.

Watoto wangu hawaelewi Kiingereza vizuri. Wataifurahia?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu katuni yenyewe inalizungumzia.

Pale Tars Lamora wafungwa hawaelewani. Kila mmoja ana lugha yake, na Diviner amehakikisha hawapati kifaa cha kutafsiri, maana wakielewana wataungana. Dal anafanya kazi kando ya kiumbe mkubwa wa mawe aitwaye Rok-Tahk, ambaye akifungua kinywa hutoka ngurumo tu. Anamwogopa, na yeyote angemwogopa. Wakiingia kwenye Protostar, kifaa cha kutafsiri kinawaka, na kutoka kwenye lile jabali inasikika sauti ya mtoto wa kike wa miaka minane. Nimeona chumba kizima cha watoto kikipiga kelele kwa wakati mmoja hapo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Matukio ya mwanzo ya gerezani usiyatafsiri. Wafungwa wanapozungumza lugha zao, Dal haelewi, na mwanao asipoelewa yuko mahali palepale alipo Dal. Anza kutafsiri baada ya kifaa kuwaka. Watoto watakwambia wenyewe kwa nini ulinyamaza kabla ya hapo.

Baada ya hapo, usijaribu kutafsiri kila neno. Sisi tuna utamaduni mzima wa jambo hili: vibanda umiza vya Tanzania na sinema za mitaani za Kenya, ambako mtu mwenye maikrofoni kama Lufufu au DJ Afro alisimulia filamu nzima kwa Kiswahili, akaongeza vionjo vyake, na watu wakatoka wamekielewa kisa vizuri kabisa. Fanya kama wao. Simulia kinachotendeka, wape wahusika sauti, simamisha picha panapohitaji maelezo marefu. Kila sehemu ni kama dakika 24, na ukiisimulia hivyo itachukua muda zaidi. Usihesabu muda huo kuwa hasara.

Sauti ya asili ni ya Kiingereza. Usisubiri toleo la Kiswahili ndipo uanze. Wewe ndiye toleo la Kiswahili.

Binti yangu anapenda Gwyn peke yake, wengine hawataki. Ni kawaida?

Ni kawaida kabisa. Gwyn amefundishwa lugha nyingi na baba yake, na kazi aliyopewa ni kuwatafsiria wafungwa amri za gereza. Yeye ndiye pekee anayeelewa kila mtu, na ujuzi huo umetumika kuwakandamiza. Namna anavyotoka hapo hadi kuutumia ujuzi uleule kwa watu aliowaamrisha ndiyo safari nzuri kuliko zote katika msimu wa kwanza, kwa maoni yangu.

Watoto wanaowatafsiria wakubwa, yule anayemfuata bibi hospitali Nairobi kwa kuwa daktari haongei lugha ya bibi, au anayewasomea wazazi barua za serikali kule Minneapolis, humwelewa Gwyn mara moja. Wanajua uzito wa kuwa katikati.

Na wengine ni nani?

Dal ndiye anayejitangaza nahodha, na hajui anatoka jamii gani. Swali hilo linamla, na jibu lake linakuja msimu wa kwanza ukiwa umevuka nusu.

Jankom Pog ni fundi, mbishi, hujitaja kwa jina lake kana kwamba anamzungumzia mtu mwingine. Watoto wadogo humpenda mapema. Murf ni kiumbe laini, hasemi, hula kila kitu, wala hadhuriki.

Zero ndiye niliyemdokeza kwenye swali la umri. Ni kiumbe wa nishati tupu, wa jamii ya Medusan, na anaishi ndani ya vazi la chuma alilojiundia ili asiwadhuru anaowapenda. Ana adabu, ana hekima, na ana upweke ambao katuni haiuharakishi. Msimu wa pili unampa hadithi kuhusu kuwa na mwili, kuonja chakula na kuhisi upepo. Hiyo itazame na watoto wakubwa kidogo, maana maswali yatakayofuata ni mazito.

Nilitazama sehemu tatu nikachoka. Niendelee?

Sehemu za mwanzo zina mbio nyingi, hilo siwezi kulikataa. Endelea hadi ya sita na ya nane.

Ya sita, "Kobayashi", inamweka Dal kwenye mtihani maarufu wa Starfleet uliotungwa ili usishindike. Dal haamini kwamba kuna kitu kisichoshindika. Anarudia, anarudia, anakasirika, anarudia. Ukiwa na mtoto asiyevumilia kushindwa, kaa naye kwa sehemu hii.

Ya nane, "Time Amok", ndiyo iliyonifanya niisifu katuni hii kwa kila mtu. Chombo kinapasuliwa na dhoruba ya wakati, na kila mmoja anajikuta peke yake kwenye chombo kilekile, muda ukienda kwa kasi tofauti. Jankom ana dakika chache tu kabla ya mlipuko. Hologramu ya Janeway ndiyo pekee inayoweza kuwafikia wote, kwa hiyo inabeba ujumbe kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, na kila mmoja anaongeza sehemu yake ya ufumbuzi. Wa mwisho ni Rok-Tahk. Muda wake unakwenda polepole mno. Amebaki na kazi ambayo hajui hata inaanzia wapi, na hana mtu wa kumfanyia.

Kabla ya hapo wenzake walimtaka awe mlinzi, kwa sababu ni mkubwa na ana nguvu, na yeye hakutaka. Sasa ana vitabu, ana muda, ana upweke. Anasoma. Anakosea, anasoma tena. Mtoto wa miaka minane aliyeogopwa na kila mtu anageuka mwanasayansi, na hakuna wimbo wa haraka wa kuturusha mbele. Tunaukaa upweke wake. Sikumbuki katuni nyingine iliyoheshimu hivyo kazi ya kujifunza kitu kigumu. Baada ya sehemu hii, kama bado hujaipenda Prodigy, basi si yako, na hakuna ubaya.

Ni kweli Star Trek ina uhusiano na Kiswahili?

Ni kweli, tangu siku ya kwanza. Katika Star Trek ya awali ofisa wa mawasiliano alikuwa Uhura, Mwafrika, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, na jina lake lilitokana na neno letu uhuru. Nichols alieleza kwamba siku ya usaili alikuwa na riwaya yenye neno hilo kwenye jalada. Sehemu ya kwanza kabisa kurushwa, tarehe 8 Septemba 1966, ina tukio ambalo Uhura anasemeshwa Kiswahili. Mwaka 1967 kuna nyingine ambayo kumbukumbu zake zinafutwa, na anapofundishwa Kiingereza upya, akikasirika anarudia Kiswahili.

Nichols alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza. Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki, akimweleza maana ya mwanamke mweusi kuonekana katika nafasi ile. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kufika angani, mwaka 1992, amesema Uhura alimpa moyo tangu utotoni.

Uhusiano na Prodigy ni huu: katika "Kobayashi", Dal anapoita maofisa mashuhuri wa kumsaidia mtihani, mmoja wao ni Uhura, na sauti unayoisikia ni ya Nichols mwenyewe, iliyochukuliwa kwenye rekodi za zamani. Sehemu hiyo ilitoka Januari 2022. Nichols alifariki Julai mwaka huohuo. Waambie watoto huyo ni nani kabla hajatokea.

Sayansi yake ni ya kweli?

Nusu kwa nusu, na hiyo nusu ya kweli inatosha kuanzisha mazungumzo mazuri.

Protostar ni kitu halisi. Ni nyota inayozaliwa: wingu la gesi na vumbi linajikusanya kwa uzito wake lenyewe, kitovu kinapata joto, lakini bado hakijaanza kuunganisha viini vya hidrojeni kama linavyofanya Jua letu. Hatua hiyo huchukua miaka laki kadhaa. Kuibana nyota ya aina hiyo ndani ya injini ni ndoto ya watunzi.

Kwenda kasi kuliko mwanga nako hakuna anayejua namna. Mwanga husafiri kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, na bado kutoka nyota iliyo jirani zaidi na Jua, Proxima Centauri, huchukua zaidi ya miaka minne kutufikia. Galaksi yetu ina upana wa miaka ya nuru 100,000 hivi, na mwaka mmoja wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka. Ukimpa mtoto tarakimu hizi ataelewa kwa nini akina Dal wako mbali na Shirikisho kiasi kile, na kwa nini injini yao inatamaniwa na kila mtu.

Milipuko yenye sauti angani si kweli, kwa kuwa hakuna hewa ya kuibeba sauti. Mtoto akiligundua hilo mwenyewe, mpongeze.

Nilisikia ilifutwa. Kwa hiyo haina mwisho?

Ina mwisho, na ulipiganiwa. Prodigy ilianza tarehe 28 Oktoba 2021 kwenye Paramount+, jukwaa la kulipia la kutazama mtandaoni. Juni 2023, msimu wa pili ukiwa bado unatengenezwa, Paramount+ waliisitisha na kuiondoa kabisa, hata msimu wa kwanza usipatikane kwao. Kwa katuni ya watoto huo ni uamuzi wa kikatili. Mtoto aliyeizoea anaamka hana. Mashabiki waliandika maombi, wakachanga fedha, wakarusha ndege yenye bango juu ya Los Angeles kuwataka wenye majukwaa wengine waichukue. Oktoba 2023 Netflix walitangaza kuichukua. Msimu wa kwanza uliwekwa siku ya Krismasi mwaka huo, na wa pili ukatoka wote kwa pamoja tarehe 1 Julai 2024.

Sehemu ya 40 inaifunga hadithi vizuri. Hutabaki unaning'inia.

Nitaipata wapi?

Haki za kuonyesha hubadilika kwa nchi na kwa mwaka, kwa hiyo andika jina lake kwenye jukwaa unalolipia uone. Misimu yote miwili imetoka pia kwenye diski. Mtu anayesafiri kutoka Ulaya au Marekani anaweza kukuletea, ila hakikisha kwanza mashine yako inasoma diski za eneo hilo. Kwa mahali ambapo bando ni ghali, au umeme hautabiriki, diski au kupakua mapema ukiwa kwenye Wi-Fi ni bora kuliko kutazama moja kwa moja.

Tutazame ngapi kwa siku?

Mbili zinatosha. Watoto wakipewa kumi kwa usiku mmoja, "Time Amok" inapita kama nyingine zote.

Mimi ni mwalimu. Kuna sehemu inayofaa darasani?

Ya 13 ya msimu wa kwanza, "All the World's a Stage". Akina Dal wanafika kwenye sayari ambayo miaka mingi nyuma ilitembelewa na ofisa mmoja wa Starfleet. Wenyeji wamejenga maisha yao yote juu ya masimulizi yake: wanavaa kama maofisa, wanaigiza vituko vyao, wanatamka majina kwa namna iliyopindapinda kwa kupita vinywa vingi. Dal na wenzake wanachukua muda kuona kwamba hawa wanaoonekana kuigiza tu wameihifadhi roho ya Starfleet kuliko wengi.

Kwa darasa la historia au fasihi simulizi, hii ni zawadi. Uliza: habari ikipita mdomo hadi mdomo kwa miaka mingi, nini kinapotea na nini kinabaki? Wanafunzi wenye babu na bibi wasimuliaji watakuwa na mengi ya kusema kuliko mwalimu. Unaweza kuionyesha peke yake. Dakika tatu za utangulizi zinatosha.

Msimu wa pili mbona mgumu?

Kwa sababu unachezea wakati: yaliyopita yanabadilishwa, yajayo yanatishiwa, na wahusika wanakutana na matokeo ya mambo ambayo bado hawajayafanya. Chora mstari kwenye karatasi, tia alama ya kila safari ya wakati, na waachie watoto waijaze. Wao hushika haraka kuliko sisi. Zawadi zake ni nyingi: Janeway mwenyewe wa damu na nyama akiongoza chombo kipya, Voyager-A, daktari wa hologramu anayejipenda mno, na nyangumi aitwaye Gillian, ofisa kamili, anayeogelea ndani ya chombo akisaidia kutafuta njia.

Tumemaliza zote. Sasa?

Kwa kijana kuanzia miaka 12 hivi, nenda Star Trek: Voyager, ya 1995 hadi 2001, ambamo Janeway na watu wake wanatupwa miaka ya nuru 70,000 kutoka nyumbani. Sauti ya Janeway kwenye Prodigy ni ya Kate Mulgrew, yuleyule aliyemwigiza pale, na atakayekuja kutoka Prodigy atamjua akifungua mlango tu. Si kila sehemu ni nzuri. Msimu wa nne ndipo inapokolea.

Kwa mdogo aliyeanza kuuliza kuhusu anga lenyewe, mweleze kwamba tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza nyota kwa eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru. Iliorodhesha zaidi ya vyanzo 300 vya eksirei angani, na Riccardo Giacconi aliyeongoza utafiti huo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Ukiwa na ramani, mwonyeshe Malindi ilipo.